Maziwa ya Azim

Wifi Rayhana,

Tangu Jumatatu tulipomzika dada yangu Zeina, mwanawe anakunywa maziwa ya kopo. Chemsha maji, pima unga kama ilivyoandikwa, usiongeze maji. Mnyweshe kwa kikombe, polepole. Yakibaki, mwaga.

Leo asubuhi alilia mpaka dera lako likalowa maziwa kifuani. Nikakusihi umnyonyeshe pamoja na Salha wako. Ukasema, "We! Akinyonya kwangu atakuwa nduguye Salha. Nami nataka aje amwoe, nyumba aliyoachiwa na mamake isitoke kwetu." Ukacheka, na matanga hata hayajaanuliwa.

Hongera, mama mkwe. Mkweo ana wiki tano, shingo haijakaza. Endelea kumnyima, utamwozesha Salha maiti.

~~Nisamehe kwa ukali wangu.~~ La, sikuombi.

Nimekwenda Kilifi, maana kopo la aina yake limekosekana hapa Malindi. Nitarudi alasiri. Unga uliobaki unatosha mlo wa saa nne tu. Saa saba ataamka na njaa, na maziwa yatakayokuwamo nyumbani ni yako.

Mama mdogo wa Azim