Jembe Kwenye Sakafu ya Joyce

Kisongo, Arusha
Ijumaa, 15 Mei

Kaka yangu Lerionka,

Shikamoo. Pole na kazi, pole na joto la huko Chunya. Ukitaka kujua hali yetu, mama anatembea na anakula, mvua zimeanza kupungua, ng'ombe bado wako kule chini kwa mjomba Loishiye, na mimi ni mzima wa mwili tu. Usingizi sina. Barua hii nimeianza mara tatu. Mara mbili nimeichana, mara ya tatu nikatoka nje kuangalia kama geti limefungwa, na geti lenyewe hatuna.

Najua habari imeshakufikia. Joyce atakuwa amekupigia akilia, amekuambia kwamba Jumamosi iliyopita niliingia na jembe nyumbani kwako, yeye akiwa na mtoto wenu wa wiki tatu, nikaifukua sakafu yote ya chumba chake. Majirani wana maelezo yao. Wengine wanasema nimerukwa na akili, wengine nataka kiwanja, na kuna mama mmoja wa kanisani amesema simtaki Naisula kwa sababu ni wa kike. Loo! Mtoto ambaye, baada ya bibi yake, wa kwanza kumbeba nilikuwa mimi! Kwenye simu nimeshindwa kukueleza. Ningesikia sauti yako ikibadilika tu, ningekata.

Basi sikiliza ilivyokuwa. Nyote mnajua nafanya kazi ya bustani mjini. Ni kweli, ila sijawahi kusema ninachotengeneza. Kaka, natengeneza mboji ya tope la majitaka. Uchafu wa vyoo vya mji unaishia mabwawani, na tope lake likishakauka sisi tunalichanganya na maranda na majani yaliyofyekwa, tunalipanga matuta marefu. Usicheke. Tuta linapata joto lenyewe mpaka asubuhi linatoa mvuke. Kazi yangu ni kuchoma kipimajoto kirefu katikati na kuandika: lazima likae nyuzi hamsini na tano au zaidi kwa siku kumi na tano, na ndani ya siku hizo tunaligeuza mara tano ili kila upande upitie joto. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu na mayai ya minyoo. Likipoa katikati, msimamizi wetu Elisaria hana mchezo, unahesabu upya kuanzia moja. Tunavaa glovu na gambuti, tunanawa kwa sabuni kabla hata ya kugusa simu. Ikishaiva na kupumzishwa miezi kadhaa, inanukia udongo wa msituni tu, na inakwenda kwenye nyasi, maua na miti ya barabarani. Naipenda kazi hii, bwana, sikufichi.

Mwezi uliopita nilileta nyumbani magunia mawili kwa ajili ya kaburi la baba. Ibada ya kuweka msalaba ni Juni, nikataka wageni wakute maua yamechangamka. Nikayaweka nyuma ya jiko, nikarudi kazini.

Jumamosi nikaja nyumbani na miche yangu ya maua. Nikakuta gunia moja tupu, mama anaimba, mikono nyeusi mpaka viwiko. Unajua kwetu mzazi halazwi kwenye nyumba yenye sakafu iliyopasuka, lazima isiribwe upya. Na samadi mama angeitoa wapi, zizi likiwa tupu? Alichukua gunia langu, akachanganya na jivu na maji, akasiriba sakafu yote na ukuta mpaka usawa wa kitanda. Alikuwa amepiga magoti tangu asubuhi, goti lile lile bovu. Akaniambia nitazame ilivyokuwa laini. Joyce alikuwa mlangoni ananyonyesha, na mama alikuwa ameshamwogesha mtoto baada ya kunawa kwa maji matupu.

Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Nikamwambia Joyce amtoe mtoto, nikamwambia mama asiguse kitu, nikachukua jembe. Mama aliniuliza kuna nini, akauliza tena na tena, nami nikafukua tu bila kumjibu. Alisimama pale akitazama kazi yake inavyovurugwa, akalia. Joyce akamfunga mtoto mgongoni akaenda kwa dada yake anayekaa mtaa wa Kwa Mrombo, na mimi nikaifukia takataka ile shimoni, mbali na maji.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Magunia yale hayakuwa yameiva. Yalitoka kwenye tuta lililonyeshewa likapoa siku ya tisa. Mboji iliyoiva ilikuwa ya wateja yote, nami nikajiambia, aa, hii ni ya kaburini, nani atakula kaburi? Halafu siku ninaleta, mama aliniuliza ni mbolea gani. Nilimtazama usoni nikamwambia ni samadi ya ng'ombe wa maziwa. Niliona aibu, kaka. Ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe anapanda maua, nikaogopa akijua hatakula tena kitu nilichoshika. Kwa hiyo mama hakukosea. Alisiriba kwa samadi, kwa kuwa mimi nilimwambia ni samadi.

Jumatatu nilimweleza Elisaria, nimesimamishwa kazi. Jumatano nikampeleka mama zahanati, akapewa dawa ya minyoo, na hapo kwenye benchi nikamwambia yote. Halafu akasema kinyesi hakimtishi, ametufuta sisi wote tulipokuwa wachanga. Kinachomuuma ni kwamba alimshika mjukuu wake kwa mikono ile wakati mimi najua kilichomo. Nikamwomba anisaidie kumweleza Joyce, na wewe. Akakataa kabisa.

Jana ndipo nikaenda Kwa Mrombo. Ndiyo, jana, siku ya tano. Kaka, Naisula anaharisha tangu Jumanne. Joyce alidhani ni maziwa yake, akaacha kula maharage, akawa anasubiri ipite. Tukaondoka naye hapo hapo kwenda zahanati. Nesi akamuuliza Joyce mtoto ameshika nini, amelala wapi, nyumba imesiribwa kwa kitu gani. Joyce akajibu kwa samadi, kama alivyoambiwa na mama. Nesi akaanza kuandika. Nikamwambia afute. Nikasema ni tope la vyoo, halijaiva, nimelileta mimi, na Joyce alikuwa amesimama pembeni yangu anasikia.

Homa hana, na ananyonya. Majibu ya choo yanatoka kesho, na atakayekupigia ni mimi. Tafadhali pokea, hata kama ni kwa kunitukana.

Mama anakusalimu, anasema uvae sweta alfajiri. Joyce hajanituma salamu yoyote.

Ni mimi mdogo wako,
Gadiel