Nilimvika Mgiriki Sweta ya Jirani Yangu

Mshauri wangu Jerusa, salamu nyingi kutoka huku juu ya Kapsoit, mimi mzima na nyumba yote wazima, nakuandikia nikiwa nimekaa jikoni, msichana wangu Chepchirchir amekataa kuniandikia, anasema hii nitaandika na mkono yangu mwenyewe, kwa hivyo usichoke na maandishi, shule niliacha darasa la tano lakini mdomo haikuacha, na hiyo ndio shida imenileta kwako unisaidie.

Sasa sikia. Sisi huku tukishachuma majani ya chai tunabeba mpaka kwa kibanda ya kupima tunangoja lori, na lori ya majani inakuja ikitaka, unaambiwa saa nane inafika saa kumi na moja, na akina mama kumi na tano wamekaa na majani yao wataongea nini kama si watu, na wacha niseme ukweli, mimi ndio redio ya hapo, nikikosa siku moja hata Mosoti, huyo klaki wa mizani, anauliza kama Mama Chepchirchir ni mgonjwa.

Chepchirchir ako form three na shule yao wanafanya drama ya Wagiriki wa kitambo, akija likizo anasema maneno yake akikama ng'ombe, ndio mimi nikajua hiyo stori. Ni mama mmoja, binti ya mfalme, kijana alikuja nchi yao kutafuta ngozi ya kondoo ya dhahabu akashindwa kabisa, huyu msichana ndio akamuonyesha njia ya kuipata, akaacha baba, akaacha kwao, akapanda meli na huyo kijana wakaenda kukaa ugenini wakazaa watoto wawili. Halafu bwana akaona binti ya mfalme wa huko akasema naoa huyu. Yule mama akatuma gauni nzuri kwa bibi harusi na ilikuwa na sumu, ikamchoma, na mwisho akaua hata watoto wake mwenyewe ndio bwana abaki bila kitu. Nililia nikisikia, halafu nikapanguza macho nikasema hii lazima ifike kwa mizani.

Nikaipeleka. Lakini unajua stori ya mbali haina chumvi, lazima uweke ya huku ndio watu waione. Nikasema huyo mama alitoka upande wa ziwa. Nikasema ni mtu wa mkono mwepesi kwa kazi. Na hiyo gauni nikaigeuza sweta, kwa sababu nani atavaa gauni ya hariri na hii baridi yetu.

Sasa hapa kwetu kuna mama anaitwa Apiyo, alikuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi kwa kiwanda cha majani, yeye ndio alisaidia Kipkurui wa huku kupata kazi hapo, wakaoana babake Apiyo akiwa amekataa, wana wasichana wawili, Nelvine wa miaka minane na mdogo wa miaka mitatu, na Apiyo ndio anafumia watu sweta hapa kote, hata zangu zote ni zake. Na Kipkurui tangu mwaka jana amehamia Chebunyo kwa binti ya mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi.

Haki ya Mungu nikianza sikuwa nafikiria Apiyo, na hiyo siku hakuwa hapo, alikuwa amepeleka mtoto kliniki. Lakini nikifika kwa sweta nikaona akina mama wanaangaliana, mmoja akasema polepole, "Kumbe ni sweta," mwingine akauliza, "Na huyo bwana alienda wapi, si ni Chebunyo?" wakacheka sana. Hapo ndio ningenyamaza. Sikunyamaza, mshauri, kwa sababu lori ilikuwa bado na wote walikuwa wamenitolea macho, hata Mosoti ameacha mizani, nikaendelea mpaka watoto wakakufa.

Wiki moja tu. Stori ikivuka mto haikuwa na Mgiriki ndani tena, ilikuwa ni Apiyo amesema atamaliza watoto. Mtoto wa jirani yetu Janeffer akatoka upele kwa shingo, wakasema ni sweta ya Apiyo, na mimi najua ni ile sabuni mpya, lakini watu wakaanza kumrudishia Apiyo sweta zake kama zimekuwa nyoka. Halafu mama yake Kipkurui akaja kubeba watoto. Mimi nilikuwa kwa fensi nikasikia yote.

"Mama, nimekosa nini?" Apiyo akamuuliza.

"Mimi sina vita na wewe, mtoto yangu, lakini mtu akiachwa hajijui. Wacha wakae na mimi mpaka roho yako itulie."

"Roho yangu imetulia. Niachie watoto."

"Huyo aliyetulia ndio anaogopwa."

Akaenda nao. Nelvine alikuwa anaangalia nyuma mpaka wakapita kona.

Na sasa mbaya yenyewe ni hii. Kesho yake Apiyo alikuja kwangu, nikampatia chai, akaniambia, "Mama Chepchirchir, wewe ndio unasikia kila kitu huku, ni nani amenisema hivi?" Nikamwambia sijui. Akanishukuru kwa chai akaenda. Ni wiki ya tatu sasa, watoto bado wako kwa nyanya yao, na Chepchirchir amejua, hanisalimii vizuri, anasema hata hiyo stori sikuisikiza mpaka mwisho. Jana nikakutana na huyo mama yake Kipkurui pale tunapeleka maziwa akaniuliza, "Na hiyo stori yako ya sweta, uliitoa wapi hasa?" Nikasema nina haraka, na wewe unanijua sasa, mimi sijawahi kuwa na haraka.

Niambie, nikikaa kimya si itaisha yenyewe? Ama nianzishe stori ingine kubwa ifunike hii, iko moja ya mzee wa kanisa na mbuzi wa harambee, watu watasahau Apiyo siku mbili tu. Nisaidie, siku hizi hata chai hainishuki.

Ni mimi Mama Chepchirchir.

*

Mama Chepchirchir,

Pole. Na hiyo pole ni ya Apiyo, umfikishie. Umenitajia majina ya watu wote kama unaita rejista, mimi nimeyabadilisha yote kabla ya kuichapisha barua yako, hata lako, kwa sababu wewe kujizuia bado hujaweza.

Hiyo ya mzee wa kanisa na mbuzi kaa nayo. Huwezi kuzima nyumba ya jirani kwa kuwasha ya mwingine. Na kimya hakitakusaidia, kimya unakijaribu wiki tatu sasa na wasichana wawili bado wako mbali na mama yao.

Usiniambie pia kwamba ni stori ya Wagiriki. Wagiriki hawakuwa na sweta. Sweta uliiweka wewe, na ziwa uliliweka wewe, na uliona zinamwangukia nani, umeniandikia mwenyewe. Kwa hilo nakupa heshima, kwa sababu wengi wangeniambia hawakuona.

Sasa nikufundishe, kwa maana binti yako amesema kweli. Mama huyo wa kitambo namjua, na jina lake sitaliandika hapa, kesho utaenda kumbandika Apiyo. Stori yake imesimuliwa na watu wengi na hawakubaliani. Kuna wanaosema aliua watoto wake, hiyo ndiyo imevuma. Lakini kuna wengine wa zamani pia waliosema hapana, waliowaua ni watu wa mji ule wenyewe, kwa kumwogopa yule mgeni, halafu wakatangaza kwamba ni mama. Soma hapo tena polepole. Mji mzima ulifanya ubaya, na mdomo wa mji ukaubebesha mwanamke asiye na kwao pale. Wewe ulijiona unasimulia. Nakuambia ulikuwa ndani ya stori, upande wa mji.

Na jambo lingine. Katika hizo saa zote za kungoja lori, bwana wa stori ulimpa dakika ngapi? Aliapa hatamwacha, akasaidiwa, akamwacha. Wanaoielewa hii stori wanaanza na yeye. Kipkurui ameenda Chebunyo na hakuna mtu amekuja kumpokonya kitu. Aliyebaki analea ndiye amepokonywa. Kama mlitaka kuogopa mtu, mlichagua vibaya.

Lakini usilie, nataka ufanye kazi. Hapa hakuna aliyekufa, na ndiyo maana nina matumaini makubwa na nyinyi. Mama mkwe huyo si mbaya. Nadhani amekuuliza stori umeitoa wapi kwa sababu ameanza kuona wajukuu wanaulizia mama yao na hajui atarudi nyuma vipi bila aibu. Wewe ndiye utampa njia.

Anza kwa Apiyo, leo. Usibebe unga wala sukari, utafanya ionekane umekuja kununua. Mwambie, "Uliniuliza ni nani, na ni mimi." Akikufukuza, ondoka, ana haki. Akinyamaza, kaa, na usijaze hicho kimya na maneno. Hiyo itakuwa ngumu kwako kuliko kuchuma majani mwezi mzima.

Ukitoka hapo pitia kwa mama mkwe wake. Enda na Chepchirchir, aseme stori yenyewe ilivyo shuleni, na wewe useme ni wapi uliiongeza, mahali kwa mahali. Mwambie pia Apiyo hajawahi kusema neno hata moja juu ya kudhuru watoto, na kwamba wewe uko tayari kulisema hilo mbele ya mtu yeyote. Huyo mama mzee akikataa bado, msaidie Apiyo afike kwa afisa wa watoto, na wewe uende kama shahidi, si kama mtazamaji.

Halafu rudi kwa kile kibanda, siku ambayo wote wako, useme wakusikize kabla lori ifike. Wewe unajua kuwashika watu masikio, hiyo ni zawadi, sikukatazi kuitumia. Wape ile ya pili, ya mji uliomsingizia mama, na usiweke chumvi hata chembe. Ukimaliza ukubali wakuangalie vibaya. Watakuangalia wiki moja, wewe utapona. Halafu watarudi kukuuliza habari, nakuhakikishia, na hapo ndipo utaanza kuchagua.

Na wasichana wakirudi nyumbani, usisimame kwa fensi. Usihesabu nani amelia na nani amemkumbatia nani. Waache wale, waoge, wagombanie kitanda. Hiyo siku ni ya Apiyo, na kama itasimuliwa, atasimulia mwenyewe.

Jerusa