Tiketi ya Serikali

Jumamosi, Agosti 2014, Seven Hills, Sydney. Mvua imenyesha tangu asubuhi, baridi imeniingia hadi kwenye goti langu bovu, na bado nina furaha. Si furaha nzuri. Ni ile ya mtu aliyelipiza kisasi.

Tena nimelipiza huku natafuna keki ya niliyemlipizia.

Ni Graham, msimamizi wetu ghalani Port Botany. Kazaliwa Adelaide, mji mwingine wa huku Australia, na hataki tusahau. Kila mapumziko ya chai anatuhubiria: Sydney ilianza na wafungwa, gavana na askari wenye mijeledi, lakini kwao Adelaide walikuja watu huru, ardhi ikauzwa kwa utaratibu, kila mtu na kanisa lake, na mfungwa hakuletwa hata mmoja. Wenyeji wa Sydney wanacheka tu, wanaendelea na pai zao.

Mimi ananitambulisha kwa wageni hivi: "Na huyu ni Deo. Huyu kaletwa na serikali." Kisha ananigonga bega. "Utani tu, Deo."

Ni kweli nililetwa. Mrundi wa kambi ya wakimbizi Kigoma, ndege ya kwanza maishani, mkanda nimeukaza hadi pumzi ikanikatika. Miaka miwili nimecheka naye. Kucheka ni kipaji changu, pamoja na kunenepa.

Lakini mwezi uliopita aliyasema hayo mbele ya binti yangu, Aline, aliyekuja kunisubiri getini. Kwenye gari nikamsemesha Kiswahili, akanijibu Kiingereza kama kawaida yake, macho dirishani: kuanzia sasa, shuleni atasema kazaliwa hapa hapa Sydney.

Kicheko kikaniishia.

Kule Kigoma tulitaniana na Waha hata msibani. Ila utani una sharti: leo mimi, kesho wewe. Graham alikuwa amejichukulia zamu zote.

Leo tulisherehekea miaka yake mingi kazini, familia zikaalikwa. Mwenyewe akaniomba niseme neno, "maana wewe unatuchekesha." Nikamleta Aline kwa kumbembeleza.

Nikasimama. Nikasema hatimaye nimeupata ukoo wangu. "Darren, wewe mtu wa Sydney, babu zako waliletwa na serikali?"

"Waliletwa."

"Nauli walilipiwa?"

"Yote. Na chakula kibovu juu yake."

"Basi sisi ndugu. Nyie mlifungwa minyororo, mimi nilifungwa mkanda."

Watu wakaangua kicheko. Nikamgeukia Graham. "Na wewe, kaka, ulituambia kwa kinywa chako: babu wa babu yako alikuwa mwashi, mfukoni hana kitu, nauli yake ikatolewa na serikali, kwenye mfuko wa ardhi iliyouzwa. Karibu kwenye ukoo. Ila kaa mwisho wa benchi, koloni lenu lilizaliwa nyuma ya Sydney."

Darren aligonga meza hadi vikombe vikaruka. Uso wa Graham ukawa rangi ya soseji mbichi.

"Na hiyo ardhi iliyouzwa ilikuwa ya nani?" akauliza Rhonda, dereva wetu wa forklifti, ambaye watu wake walikuwa hapa kabla ya meli yoyote. "Mbona hatukusikia mtu akibisha hodi? Na wewe Deo, usicheke."

Nikaacha kucheka. Hilo lilinipata mimi pia: nami sikubisha hodi.

Kwenye maegesho Graham alinifuata. "Rafiki yangu, leo umezidisha kidogo. Mbele ya mke wangu."

Miaka miwili nimeisubiri sentensi hiyo. Nikamgonga bega. "Utani tu, Graham."

Najua haikuwa nzuri. Ilikuwa tamu.

Njiani kurudi nyumbani, tulipofika Granville, Aline aliacha dirisha akanigeukia. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake kilichopinda, ile ndege iliyotuleta ilikuwa ya rangi gani. Nikamwambia nyeupe. Sikumbuki, lakini kwa swali lile ningeweza kuipaka rangi mwenyewe.

Anayepanga shifti za Jumatatu ni Graham. Nadhani nitakaa chumba cha barafu wiki nzima, mimi na goti langu, na siwezi kulalamika, maana zamu ni yake sasa. Je, nimwombe radhi kabla?

Nitafikiria. Ngoja kwanza nicheke tena.