Ondoeni Jina Langu Kwenye Jalada

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, mji wote wa Kamembe ni matope, na mimi nimefura kwa hasira.

Kitabu changu cha kwanza kimefika. Ni mwongozo wa kulea watoto wachanga, nilioutafsiri kutoka Kifaransa, na jina langu liko kwenye jalada. Maman, mama yangu, anayeuza samaki karibu na Rusizi I, mpaka wa kuingia Kongo, alishawaonyesha wenzake wote picha ya jalada hilo kabla mimi sijakishika.

Jana nikakifungua. Ukurasa wa kwanza: "Mtoto zinahitaji kunyonya." Sikuandika hivyo! Kuna mtu aliyeipitia kazi yangu akaivuruga, na hakuna aliyeisoma tena kabla ya kuchapwa. Sentensi nyingine imekatika katikati. Kufikia ukurasa wa kumi nikakifunga.

Nikampigia mhariri kule Kigali. Akanisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Dada, wasomaji wake ni akina mama wa mpakani. Hawatagundua."

Hawatagundua!

Akina mama hao ndio walionilea. Ndiyo, sokoni tunasema batoto na muntu, na sitaacha. Hayo ni maneno ya nyumbani, yana utaratibu wake. Kwenye kitabu kile hakuna lugha ya mtu yeyote, ni uzembe mtupu. Mama aliyempakata mtoto mgonjwa, akitafuta msaada kitabuni, anastahili sentensi iliyokamilika.

Nikamwambia: sahihisheni kabla ya kuchapa nakala nyingine, la sivyo ondoeni jina langu. Akajibu kwamba nikileta matata, kitabu cha pili nilichoahidiwa kutafsiri atapewa mwingine. Nakiri, kitabu hicho nakitaka sana. Nikakata simu.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa kumwambia Maman. Nimemwambia leo mchana. Akakigeuzageuza kitabu.

"Ni weye uliandika vile?"

"Hapana, Maman."

"Basi batoe jina yako. Bale bamama nilionyesha, nitabaambia mutoto wangu alikataa. Na nitatembea kichwa juu."

Nililia kidogo, sifichi.

Nimetuma ujumbe sasa hivi, bila salamu ndefu: ondoeni jina langu. Kitabu cha pili wampe wanayemtaka. Jumatatu naanza kutafuta kazi kwingine, na popote nitakapobisha hodi, nitajitaja kwa sauti.