Herufi Saba

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Kifua chako kinasemaje na moshi wa kuchomelea vyuma? Mimi mzima, ila nyumba si nzima. Baba yako alipigwa na kiharusi akifunga kamba za viatu. Hospitali wamemruhusu, lakini mkono na mguu wa kulia imelala. Na kubwa zaidi, Kiswahili alichozaliwa nacho kimemtoka chote. Vimebaki vipande vya Kiingereza cha darasani. Yule ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Nukta kwa kudai sentensi kamili leo hamalizi hata neno.

Tangu juzi anasema "sta", halafu anagonga goti mara tano. Nimemletea chai, nimemletea mto, nimemletea chombo cha haja. Anafumba macho, machozi yanamtoka. Mimi dobi, Kiingereza changu kinaishia kwenye lebo za mashati. Najua hamjasemezana tangu ulipoacha chuo cha ualimu ukaenda karakana. Lakini damu nzito kuliko maji, mwanangu. Nisaidie.

Mama yako


16 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kizima, moyo ndio unauma. Pole mama, pole sana. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Nadhani najua anachofanya. Darasani alikuwa akitaja herufi za mwanzo, kisha anagonga meza. Kila akigonga mara moja ni herufi moja. Sisi tulitafuta maneno yote yenye mwanzo ule na urefu ule. Kwa hiyo anataka neno la herufi tano linaloanza na "sta". Msomee haya polepole, ukiwa umemshika mkono mzima: *start*, kuanza. *Stamp*, stempu. *Stars*, nyota. *Stain*, doa. *Stand*, kusimama.

Usimwambie yametoka kwangu. Akijua atakataa hata lililo lake. Alisema hana mtoto wa karakana, nami nimelibeba neno hilo miaka yote.

Mwanao, kitinda mimba


2 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Tunapumua, na leo nina la kukuchekesha. Nilisoma kama yalivyoandikwa: sta-ru-ti, sta-mu-pi. Baba yako alicheka mpaka mate yakamtoka! Cheko la kwanza tangu augue. Nilipofika sta-ndi akanibana mkono nikasema utavunjika. Kumbe mwenzetu alitaka kusimama. Jirani yetu seremala akaja, tukamshika huku na huku, akasimama dirishani akitazama watu wanavyopita. Nikamwona tena yule mume niliyeolewa naye.

Siku nyingine akasema "wat", tano. Nikakimbilia maji, *water* ya kwenye lebo. Akatikisa kichwa. Nikabahatisha saa yake ya mkononi, *watch*, akatabasamu.

Sasa kuna jingine, nalo limetushinda. Anasema "for", anagonga saba, halafu anaonyesha picha yako ukutani. Asubuhi ni hilo, jioni ni hilo. Chakula hagusi. Fanya haraka.

Mama yako


13 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini amepata kula japo kidogo. Maneno ni haya: *foreign*, ya kigeni. *Forward*, mbele. *Fortune*, bahati. *Forever*, milele. Ndiyo ninayoyakumbuka.

Mwanao


25 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Yote amekataa. La milele alilikataa kwa hasira, akaanza upya kugonga. Nimekulea mimi, nakujua ukificha kitu hata kwenye karatasi. Hakuna jingine?

Mama yako


30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Kalamu nilikuwa naishika na kuiweka.

Lipo jingine. *Forgive*, kusamehe. Nilikuwa nalijua tangu barua yako ilipofika. Niliogopa, mama. Kama ningekuletea ukamsomea, naye akatikisa kichwa, ningejua kwa hakika kwamba hajanisamehe. Afadhali kutojua, nilijiambia. Lakini yeye anahangaika kwa sababu ya woga wangu. Msomee. Jibu lolote, niandikie.

Mwanao


8 Juni

Mwanangu mpenzi,

Pole tena kwa msiba wetu. Kwenye simu ulilia, nami nikalia, yakaishia hapo. Sasa nimekaa, nikuandikie yaliyobaki.

Barua yako ilimkuta hai. Nilimsomea lile neno. Alitikisa kichwa. Usiiweke barua chini, mwanangu, soma mpaka mwisho. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa chai baridi: si hilo, endelea. Mimi uchungu ukanipanda. Nikasema leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Nikateremsha kamusi yake kubwa kutoka kabatini. Kuhesabu herufi hakuhitaji Kiingereza. Nikafungua penye "for", kila lenye herufi saba nikalisoma kwa matamshi yangu ya kidobi, yeye akinibana mkono au kuuacha.

Nilipofika fo-re-ma-ni alinibana, akakataa kuniachia.

Nikaenda kwa mfamasia wa jirani kuuliza maana. Akasema, "*Foreman* ni msimamizi wa mafundi, mama."

Nilikaa palepale kwenye benchi la wagonjwa. Mwaka juzi ulipoandika kwamba wamekupa kuongoza mafundi wote wa karakana, nilimsomea barua ile kwa sauti. Alikuwa amelala, uso umeelekea ukutani. Nikadhani hakusikia.

Nikarudi, nikamuuliza, "Mume wangu, unataka kusema mwanetu ni msimamizi wa mafundi?" Akanibana mkono tena, akafumba macho. Siku hiyo alikula uji bakuli zima.

Kuhusu kusamehe, sijui la kukuambia. Nilimuuliza tena, akanitazama tu. Labda aliona hakuna la kusamehe, labda hakuweza. Sitakutungia. Ila tangu siku ile, kila mgeni akiingia, alionyesha picha yako, akasema "for", akagonga saba, akanigeukia nimalizie. Mimi nikawa namalizia: msimamizi wa mafundi.

Akaishi hivyo wiki tatu. Kiharusi cha pili hakikumpa nafasi.

Msibani watu walijaa mpaka barabarani. Wanafunzi wake wa zamani, majirani, hata yule mwuza mkaa. Walikuja kunishika mkono mmoja mmoja, wakaniuliza kama utawahi mazishi. Na hakuna hata mmoja niliyehitaji kumwambia kazi yako.

Mama yako