Gari la Baba Linakataa Asubuhi

Jumatatu, 6 Machi
Shangazi atafanyiwa upasuaji Jumatatu ijayo. Alinipigia mimi, si Baba – hawajasemezana miaka tisa, tangu Baba akose kwenda kumzika mume wa Shangazi. Anataka amwone kaka yake kabla.

Safari inachukua saa kumi na mbili. Mgongo wa Baba haukubali kukaa hata saa moja, kwa hiyo basi haliwezekani. Limebaki gari lake la zamani la dizeli, lile alilolitengenezea kitanda kwa mikono yake. Humo anaweza kusafiri amelala. Limesimama miezi minane.

Baba amesema: likiwaka, atakwenda. Tutaondoka Jumamosi alfajiri. Jioni nililijaribu baada ya kazi. Liliwaka.

Jumanne, 7 Machi
Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Liliwaka, likanguruma nusu dakika, likazima. Nilirudia mara sita. Starta inazunguka vizuri, injini haishiki.

Jioni nilipampu mafuta kwa mkono – likawaka.

Asubuhi hapana, jioni ndiyo. Ni baridi tu.

Jumatano, 8 Machi
Alfajiri, yaleyale. Jioni nilipima kwa balbu plagi nne za kupasha injini. Ya tatu imekufa. Nimeweka mpya, kisha nikaifunika injini blanketi. Baba alikuwa kwenye mzunguko wake wa kila jioni – mlango wa jikoni, geti, gari, lazima avikague vyote. Akasimama na fimbo yake kunitazama.

“Liimbie na wimbo wa kulala,” akasema.

Alhamisi, 9 Machi
Plagi mpya. Blanketi. Betri imejaa. Nusu dakika, likazima.

Fundi wa mtaa wa pili alikuja jioni, akageuza ufunguo mara moja tu. Likawaka!

“Sasa dada, mimi umeniitia nini? Gari zima kabisa hili.”

Nikamwambia linazima asubuhi tu, aje alfajiri ajionee.

“Alfajiri hata mimi siwaki.”

Alikubali kuweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kabla ya pampu. Nikiona mapovu, kuna hewa inaingia. Baba, aliyekuwa kibarazani, akasema pengine gari limezeeka, tuliache lipumzike. Nikamjibu gari lenyewe halijasema hivyo.

Ijumaa, 10 Machi
Alfajiri, likazima tena. Hakuna mapovu. Mpira umenywea, umebana kabisa, kama kuna mtu ameziba upande wa pili. Si baridi basi – mafuta hayafiki.

Nikaufuata mpira kwa vidole kuelekea kwenye tangi. Unapita chini ya kitanda. Nikatoa sanduku la vifaa vya Baba, nikainua ubao. Koki ndogo ya shaba ya kuzuia mafuta, inang’aa kwa kushikwashikwa. Imefungwa.

Nikaifungua, nikapampu. Likawaka, likakaa dakika ishirini bila kukohoa.

Nilipomwuliza, Baba hakuona haya hata kidogo. Aliiweka mwaka wezi walipoiba gari la jirani. Huifunga jioni kwenye mzunguko wake, huifungua saa tatu asubuhi akishakunywa chai. Hata sasa ambapo gari haliendi popote.

“Mbona hukuniambia?”

“Dawa ya mwizi haitangazwi.”

“Kwani mimi mwizi?”

“Wewe hukuuliza.”

Nilicheka mpaka nikachelewa kazini. Nimemwomba leo asiifunge. “Sawa, mama,” akasema.

Mchana, kazini, nikakumbuka: jana nilimwambia fundi mbele yake kwamba linazima asubuhi tu. Baba alisikia, na jioni hiyohiyo akaifunga tena. Tangu hapo sijacheka tena.

Jumamosi, 11 Machi
Saa kumi na moja na robo. Naandika nikiwa kwenye usukani. Liliwaka. Nusu dakika. Likazima.

Baba yuko nyuma, amelala kitandani. Shati limepigwa pasi, kamba za viatu zimefungwa. Koki iko chini yake, upande wa mkono wa kulia.

“Baba, umeifunga.”

“Mkono umezoea.”

Nikamtazama kwenye kioo.

“Asipotaka kuniona je?”

“Si ndiye aliyepiga simu?”

“Alikupigia wewe.”

Ningeweza kushuka, niinue ubao, niifungue mwenyewe – dakika mbili tu. Halafu nimbebe mtu mzima saa kumi na mbili kama gunia? Hapana. Nimemwambia siji huko nyuma. Miaka yote anayeifunga ndiye anayeifungua. Na mimi sishuki garini.

Taa ya kupasha injini imewaka, imezimika. Nimeiwasha tena. Imezimika. Nimeiwasha mara ya tatu.

Kitanda kimelia. Anajigeuza – pole pole, mgongo ule. Amevuta pumzi, ameishikilia. Sasa nasikia vidole vyake vinapapasa ubao, vinaitafuta koki.