Ndege Anayelima Maji

Rafiki yangu Sospeter,

Nimerudi jana kutoka Ziwa Rukwa. Najua ungeuliza kwanza hali ya baiskeli: pancha mbili, na keria imekatika. Mkeo hajambo, mahindi yenu ya uwani hapa Shanwe yameota, na darasa lako la tano wamempa mwalimu mgeni asiyejua kwale wala kanga.

Likizo ya Desemba ilipofika sikutaka kwenda. Miaka sita tulikwenda wawili kutazama ndege, mara tu mvua za kwanza zinapoanza, darubini moja tukipokezana. Lakini mkeo aliniletea darubini hiyo na daftari letu, akasema, "Shemeji, hivi vitu vinajaa vumbi tu kwangu." Basi nikaenda.

Siku ya kwanza nilipita miombo, majani yake machanga bado mekundu. Mlembe alinililia njia nzima akitaka anipeleke kwenye asali, nikamwomba radhi. Siku ya pili nilikaa Sitalike, mdiria akivua samaki juu ya migongo ya viboko. Nilitoa kalamu, nikairudisha. Sheria ilikuwa yako: ndege haingii daftarini mpaka wawili wamwone. Nilikuwa mmoja. Nililia kidogo, sikufichi.

Siku ya tatu lori la mpunga lilinipitisha mbugani, korongo wamejaa nyasini, likanishusha Kibaoni. Ya nne nikafika ziwani, pale pale uliponijia mbio safari yetu ya mwisho, mimi nikiziba pancha. "Mwalimu, mdomo mwekundu! Wa chini umepita wa juu! Anaruka huku analima maji!" Nikacheka. Nilikataa asiandikwe, na shule ilipofunguliwa nikakutangaza ofisini: Sospeter kaona ndege mkulima, jembe kaliacha nyumbani. Walimu walicheka wiki nzima. Wewe ukasema tu, "Nyie chekeni, mimi nimemwona," ukaacha mstari mmoja mtupu daftarini. Malaria ilikuchukua kabla ya Pasaka. Mstari ule umenikosesha raha tangu siku ile.

Sospeter, nimewaona. Watatu, asubuhi, weusi juu, weupe chini, mdomo wa chini mrefu kama ulivyosema, wanapita chini chini wakiupasua uso wa maji. Nilikuita kwa sauti mpaka mvuvi mmoja akadhani nimeona mamba.

Nisamehe. Nilikaa mchangani nikaujaza mstari wako: jina lako kwanza, langu la pili. Wewe ulimwona, mimi nimemwona, tumetimia wawili. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Lako lipo, ndugu yangu, na nimeliandika kwa wino.

Pumzika sasa. Jumatatu shule inafunguliwa. Nitasimama ofisini pale pale niliposimama kukucheka, na kwa sauti ile ile nitawaambia kwamba ulimwona.

Rafiki yako,
Leonard